Waislamu na Wayahudi: kabla hatujabishana tena, tuitazame Mbale

Naandika kutoka Digodigo, huku Ngorongoro kwa Wabatemi, sisi mnaotuita Wasonjo.

Tangu Oktoba 2023 sidhani kama kuna mtu anayekaa kafe nusu saa ambaye hajakutana na ugomvi huu. Mmoja kaweka bendera ya Israel kwenye picha yake, mwingine ya Palestina, na matusi yanafuata kama vile ni Simba na Yanga. Huku kwetu Myahudi wengi tunamjua kwa Biblia tu, na Mwislamu tunakutana naye dukani au kwenye basi la Arusha, lakini tukianza kubishana utadhani tumezaliwa Yerusalemu. Na mjadala lazima uishie kwenye kauli moja: "Hawa jamaa ni maadui tangu dunia iumbwe, imeandikwa, hakuna cha kufanya."

Hiyo kauli ndiyo imenifanya niandike. Kijana akishaiamini, anaanza kumtazama jirani yake kwa jicho baya kwa sababu ya vita iliyo mbali maelfu ya kilomita. Halafu si kweli. Nimekusanya hapa ninayoyajua, mengi ya kwetu Afrika Mashariki, ili mtu akianza tena kubwata umwonyeshe.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana Kiswahili chetu chenyewe kinatuchanganya. Biblia zetu zinasema "Waisraeli" kwa maana ya wana wa Israeli wa enzi za Musa. Redio zinasema "Waisraeli" kwa maana ya raia wa nchi iliyoundwa mwaka 1948. Ukifungua Idhaa ya Kiswahili ya Radio Tehran unasikia "utawala wa Kizayuni", hapo wanasema siasa. Myahudi ni mtu wa dini au wa ukoo wa Kiyahudi, popote alipo, awe Nairobi, New York au Mbale. Raia wa Israel si wote Wayahudi: kama mmoja kati ya watano ni Mwarabu, na wengi wa hao ni Waislamu. Wapalestina nao si wote Waislamu, wapo Wakristo, tena wa Bethlehemu penyewe. Na Waislamu wengi duniani si Waarabu, waulize Wazaramo. Ukiyachanganya haya, huwezi kuelewa hata habari ya dakika mbili.

Sasa historia. Nitakwenda haraka kwa sababu nataka tufike Mbale.

Mtume Muhammad alipohamia Madina mwaka 622, mji ule ulikuwa na makabila ya Kiyahudi. Palikuwa na hati ya mapatano iliyowaweka Waislamu na Wayahudi kwenye ulinzi mmoja wa mji, kila mmoja na dini yake. Baadaye mapatano yakavunjika, kukawa na vita, makabila mawili yakafukuzwa, na la tatu, Banu Quraidha, likapigwa vibaya sana, wanaume wakauawa. Wanaotaka kuonyesha urafiki hukutajia ile hati, wanaotaka kuonyesha uadui hukutajia ile vita. Yote mawili yametokea, tena ndani ya miaka michache.

Kwa karne nyingi zilizofuata Wayahudi wengi sana waliishi chini ya watawala wa Kiislamu. Walilipa kodi ya kichwa, walikuwa na masharti yaliyowaweka daraja la chini ya Waislamu, lakini walilindwa, waliabudu, walifanya biashara. Hali ilitegemea nani kakaa kwenye kiti. Mfano ni tabibu na mwanachuoni Musa bin Maimun, Myahudi aliyezaliwa Cordoba, Hispania, kwenye mwaka 1138. Wakaja watawala Waislamu wakali, al-Muwahhidun, familia yake ikakimbia. Ikakimbilia wapi? Kwa Waislamu wengine. Aliishia Misri, akawa tabibu kwenye baraza la Salahuddin, yuleyule aliyewatoa Wazungu wa msalaba Yerusalemu. Vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu. Alifariki mwaka 1204. Halafu mwaka 1492 wafalme Wakatoliki wa Hispania walipowafukuza Wayahudi wote, waliowapokea kwa wingi ni dola ya Waturuki, dola ya Kiislamu.

Kuna stori moja ya Oman naipenda kwa sababu inatugusa. Nahodha mmoja wa Kiajemi, Buzurg bin Shahriyar, aliandika kitabu cha hadithi za mabaharia kwenye karne ya 10. Humo mna kisa cha meli ya Waomani iliyofika pwani ya Zanj, yaani pwani yetu hii, wakamteka mfalme wa huko na kwenda kumuuza. Na humohumo mna kisa cha Ishaq, mfanyabiashara Myahudi wa Oman, aliyeondoka na dinari 200 kwenda India na Uchina, akarudi baada ya miaka mingi na meli imejaa miski, hariri na vyombo vya Kichina. Khalifa kule Baghdad akasikia, akataka akamatwe aletwe. Hapo wafanyabiashara wa Oman wakafunga masoko kupinga! Walisema leo akinyang'anywa huyu, kesho meli hazitakuja tena, na sisi tutakufa njaa. Iwe kisa kimetiwa chumvi au la, waliokisimulia waliona ni jambo linaloingia akilini: Waislamu wanagoma kwa ajili ya Myahudi kwa sababu bandari ni moja.

Uadui huu tunaouona leo kwenye simu una umri wa miaka mia na kitu. Unaanza pale Wayahudi wa Ulaya, waliochoka kuuawa na Wakristo wa Ulaya, walipotafuta nchi yao wenyewe, na nchi waliyoitaka ilikuwa na wenyewe. Na hapa, wadau, kidogo tu ingekuwa kwetu. Mwaka 1903 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa viongozi wa Kizayuni ofa ya ardhi Afrika Mashariki. Vitabu vinaita "mpango wa Uganda", lakini ardhi yenyewe ni nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Jina hilo la Uasin Gishu ni la Wamasai. Wakaja wakaguzi watatu, wakarudi na taarifa isiyotia moyo, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukaikataa ofa. Ingekubaliwa, leo magazeti yangeandika kuhusu uadui wa kale kati ya Wayahudi na Wamasai au Wanandi, na mtu angetafuta aya ya kuuthibitisha. Sisi wa Ngorongoro tumeshaona mapigano ya mipaka ya ardhi kati yetu na majirani zetu, yanaitwa ya kikabila, wakati kila mzee anajua kinachogombewa ni malisho, mashamba na maji.

Mwaka 1948 Israel ikaundwa. Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa kwenye makazi yao. Na katika miaka iliyofuata Wayahudi kwa mamia ya maelfu waliondoka Iraq, Yemen, Misri, Morocco na kwingineko, wengine kwa hiari na wengine wakisukumwa, sehemu ambazo babu zao waliishi hata kabla ya Uislamu. Hawakuisha wote. Morocco wamebaki wachache, na Iran mpaka leo bunge lina kiti kimoja cha Myahudi. Msikilizaji wa Radio Tehran, ulikuwa unajua hilo?

KAKUNGULU ANAJITAHIRI

Haya, Mbale. Ni mji wa mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon, nchi ya Wagisu na kahawa. Mjini hapo kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Na nje kidogo ya mji huohuo, kwenye kilima cha Nabugoye, kuna sinagogi. Wanaosali humo ni Waafrika weusi, wakulima kama mimi. Wanaitwa Abayudaya, ambalo ni neno la Kiganda tu, maana yake Wayahudi.

Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, Muganda, mwindaji wa tembo aliyegeuka jemadari. Katika vita vya dini vya Buganda vya mwaka 1888 na kuendelea, Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walipopigania kiti cha Kabaka, yeye alikuwa upande wa Waprotestanti, akapigana na Waislamu. Baadaye akawatekea Waingereza nchi kubwa mashariki, na ndiye aliyeuanzisha mji wa Mbale. Alitegemea watamfanya mfalme wa huko. Wakamfanya mtumishi wa serikali, tena wakampunguzia eneo kidogo kidogo. Jamaa akasusa. Mwaka 1913 hivi akajiunga na Wamalaki, dhehebu la Kikristo lililokataa hospitali na dawa, jambo lililowaudhi sana Waingereza.

Halafu akaanza kuisoma Biblia mwenyewe, hasa vitabu vya Musa. Akakuta tohara. Sasa kumbuka, kwa Waganda tohara haikuwa mila, ilijulikana kama alama ya Uislamu. Kabaka Mutesa I alikuwa anafunga Ramadhani lakini akakataa kutahiriwa, na mwaka 1876 aliwaua vijana wengi Waislamu wa ikulu yake, mojawapo ya makosa yao ikiwa kukataa nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa. Kwa hiyo tohara na kuchinja vilikuwa vitu vya damu hasa. Inasimuliwa kwamba Wamalaki wenzake walimwambia Kakungulu: hayo ni ya Wayahudi, sisi ni Wakristo. Akajibu, basi mimi ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, na wafuasi wake wakafuata.

Hapakuwa na Myahudi wa kumfundisha. Mwaka 1920 alipita Mbale mgeni Myahudi anayekumbukwa kwa jina la Yosef, akakaa nao kama miezi sita, akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda. Alifariki Novemba 1928 kwa pepopunda. Wafuasi walikuwa maelfu kadhaa, wakaendelea wenyewe: Sabato Jumamosi, hawali nguruwe, na nyama wanakula iliyochinjwa na mtu wao.

Angalia hapo. Kuanzia tohara mpaka nguruwe na kisu, Myahudi wa Mbale anafanana na jirani yake Mwislamu kuliko anavyofanana na Mkristo. Wagisu nao wanatahiri kimila, kwa sherehe kubwa ya imbalu. Sisi Wabatemi tunaotahiri tangu zamani tungekaa pale bila mtu kutushangaa.

MIAKA MINANE YA AMIN

Idi Amin, Mwislamu, aliingia Januari 1971. Watu husahau kwamba mwanzoni alikuwa rafiki wa Israel, Waisraeli walilifundisha jeshi la Uganda na yeye mwenyewe akavaa mabawa yao ya askari wa miavuli. Mwaka 1972 aliwanyima urafiki, akawafukuza, akaegemea kwa Gaddafi. Ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa au kubomolewa, watu wakawa wanasali vyumbani kwa sauti ya chini. Wengi wakabadili dini, wengine kuwa Wakristo na wengine kuwa Waislamu, kuokoa roho na kazi. Wakati Amin anaondoka walikuwa wamebaki kama 300 tu. Kwa hiyo familia nyingi za pale zina shangazi au binamu aliyebaki upande wa pili. Ukimtukana Mwislamu wa Mbale unaweza kuwa unamtukana mjomba wa Myahudi.

Mwenye kutaka kusema "umeona, Waislamu hao!" asubiri kidogo, maana hapa ndipo tunapoingia sisi Watanzania.

Oktoba 1978 Amin akavamia Kagera. Mwalimu akatangaza vita. Kumbuka Mwalimu Nyerere huyo alikuwa amevunja uhusiano na Israel mwaka 1973, baada ya vita vya Oktoba, na Tanzania ilikuwa rafiki mkubwa wa chama cha ukombozi cha Palestina, PLO. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku. Hakuvunja uhusiano kwa sababu ya Uislamu wala Ukristo, alisema huwezi kuchukua ardhi ya mtu kwa bunduki ukakaa nayo. Sasa kwenye vita ya Uganda, Gaddafi akatuma askari wa Libya kumsaidia Amin, na wapiganaji wa PLO nao wakawa upande wa Amin. Yaani JWTZ, jeshi la nchi inayoitetea Palestina, limejaa Waislamu na Wakristo, likapambana na Walibya na Wapalestina waliokuwa wanamlinda dikteta aliyepiga marufuku sinagogi. Mnaopanga dunia kwa dini, hiyo mtaipanga vipi?

Kampala ilianguka tarehe 10 na 11 Aprili 1979. Jioni ya tarehe 11 ndiyo ilikuwa inaingia Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka walivyotoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaisahau tarehe hiyo. Waliowafungulia mlango walikuwa vijana wa Bukoba, Tabora, Zanzibar, Mara na mikoa mingine yetu, na nina hakika karibu wote hawakujua kwamba Uganda kuna Wayahudi. Sijawahi kuona jambo hili kwenye kitabu cha shule. Ilikuwa iwemo.

KAHAWA

Baada ya hapo walijijenga taratibu. Miaka ya 1980 vijana wachache walianza kukaa pamoja kilimani Nabugoye, wakafufua ibada kwa gitaa na nyimbo za Kiganda na Kiebrania. Mwaka 2002 marabi kutoka nje wakaja kuwaingiza rasmi katika Uyahudi, mamia yao. Mmoja wa vijana wale, Gershom Sizomu, alikwenda kusomea urabi Los Angeles akahitimu mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Wayahudi wa eneo lile ni wachache mno kumpeleka mtu bungeni. Kura zilitoka kwa Wakristo na Waislamu.

Lakini mtu ninayetaka mumjue ni J.J. Keki, mkulima wa kahawa na mwanamuziki. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, akielekea kulitembelea lile jengo la World Trade Center, na akashuhudia lilivyoshambuliwa. Akarudi kijijini na hilo kichwani. Wakati huo bei ya kahawa duniani ilikuwa imeporomoka vibaya, walanguzi wanapita shambani wananunua kwa bei ya kutupa. Keki akaenda nyumba kwa nyumba, kwa Wayahudi wenzake, kwa Waislamu, kwa Wakristo, akiwaambia tuuze pamoja. Mwaka 2004 ukazaliwa ushirika wa Mirembe Kawomera, maana yake kwa Kiganda ni amani tamu.

Wengi wakieleza stori hii wanaishia kwenye utamu. Mimi nataka tuangalie hesabu. Kontena moja la kahawa linabeba kama magunia 300 ya kilo 60. Mnunuzi wa nje hataki gunia tatu za Keki na mbili za shemeji yake, anataka mzigo wa kutosha, wa ubora mmoja, kila mwaka. Wayahudi peke yao wasingejaza. Waislamu wa vijiji vile peke yao nao wangehangaika. Ili kahawa iwe ya daraja la juu, kila mmoja lazima achume mbivu tu, aimenye siku hiyohiyo, aichachushe na kuiosha vizuri, aianike juu ya kichanja na siyo chini kwenye vumbi. Mzembe mmoja anaharibu bei ya wote, na uzembe hauna dini. Hapo jirani anaanza kuwa na sababu ya kukujali: shamba lako likifanya vibaya, linamuumiza na yeye.

Uongozi wa ushirika uliwekwa makusudi uwe na watu wa dini zote tatu, ili hakuna anayeweza kusema fedha zimeliwa na "wale". Mnunuzi alipatikana Marekani, kampuni ndogo ya Thanksgiving Coffee ya Fort Bragg, California, iliyokubali kulipa kwa utaratibu wa biashara ya haki. Wanachama waliongezeka mpaka wakapita 1,000. Na kwa sababu huko kila mtu anaimba, wakulima walitunga nyimbo za ushirika, na mwaka 2013 taasisi ya Smithsonian Folkways ikazitoa kwenye albamu: Waislamu, Wayahudi na Wakristo wanasifia kahawa na kuhimizana kupanda.

Sisi wa Digodigo hatupaswi kuona hili kama muujiza. Maji ya mifereji yetu yanagawiwa kwa zamu, na wazee wa wenamiji ndio wenye kauli. Zamu yako ikifika unamwagilia, ikipita unafunga. Huulizwi unaabudu wapi, unaulizwa umeziba wapi. Mwaka 2011 tuliona pia foleni ya Samunge, hapo jirani, watu wa kila dini wamelala barabarani wakisubiri kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali Ijumaa au Jumapili. Ila foleni ile ilikuwa ya muda, wagonjwa waliondoka. Ushirika na mfereji ni vya miaka nenda rudi, ndiyo maana vinanivutia zaidi.

Sisemi Mbale ni peponi. Mwislamu wa pale anaamini Myahudi amemkataa Mtume, Myahudi anaamini Taurati ilitosha, na Mkristo anawaombea wote wawili waokoke. Ukitaka kuitisha mkutano wa wote unahangaika na siku: Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Ijumaa jioni Sabato inaingia, Jumapili Wakristo kanisani. Ni ishu ndogo lakini ni ya kila wiki. Shule zao, Hadassah ya msingi na sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, zinasomesha watoto wa dini zote tatu, na kalenda inabidi iwatoshe wote. Nao Abayudaya wana kilio chao upande mwingine: Israel yenyewe imekuwa nzito kuwakubali. Mwaka 2018 wizara yake ya mambo ya ndani ilimkatalia mmoja wao aliyeomba kuhamia huko. Kwa hiyo anayedhani Myahudi mweusi wa Uganda ni mtoto kipenzi wa Tel Aviv ajue siyo.

TURUDI NYUMBANI

Vita ya kule imeshatufikia huku zaidi ya mara moja, na kila mara aliyeumia ni wa kwetu. Tarehe 28 Novemba 2002, Kikambala, kaskazini ya Mombasa, hoteli iliyokuwa ikipokea watalii wa Israel ililipuliwa na watu wa al-Qaeda. Walikufa Waisraeli 3 na Wakenya 10, wengi wao wachezaji ngoma waliokuwa wanawakaribisha wageni. Aliyepanga alisema anapigania Waislamu. Sijui wale wachezaji wa pwani ile ya Waislamu walimkosea nini.

Tanzania ilirudisha uhusiano na Israel mwaka 1995, na mwaka 2018 ikafungua ubalozi Tel Aviv. Ubalozi wa Palestina nao upo Dar es Salaam. Uhusiano wa mwanzo ulikuwa mkubwa kuliko tunavyofundishwa: JKT lilipoanzishwa mwaka 1963 Waisraeli walisaidia, na hoteli ya Kilimanjaro pale Dar ilichorwa na wasanifu wao. Siku hizi kinachowavuta vijana wetu ni mafunzo ya kilimo kwa vitendo, maana wale jamaa kwenye umwagiliaji wa matone wako mbali. Kwa mtu wa mfereji kama sisi, ofa hiyo inatamanisha kinoma, na wapo wanaojaza fomu hata sasa. Wengine wanajaza za kwenda Oman na Saudia. Wanakwenda kutafuta maisha, hawaendi kupigana vita ya mtu.

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas walivuka mpaka wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka kama 250. Vita iliyofuata imeua watu zaidi ya 60,000 Gaza kwa hesabu za wizara ya afya ya huko, watoto wengi sana miongoni mwao. Nimeona vijana wetu wakishangilia tarakimu ya kwanza na wengine wakishangilia ya pili. Mimi siwezi.

Kati ya waliouawa siku ile ya kwanza walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania, wote wa kaskazini huku kwetu, mmoja wa Kilimanjaro na mwingine wa Manyara. Walikuwa wanafunzi wa kilimo kwenye vijiji vya ushirika karibu na mpaka wa Gaza. Mmoja wao alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu afike. Mwili wa yule wa Kilimanjaro uliletwa Novemba 2023. Wa yule wa Manyara ulikaa Gaza miaka miwili na zaidi, ukarudishwa Novemba 2025.

Mwenye swali la Mbale au la Kakungulu aandike hapo chini, ntajibu nikipata umeme. Matusi ya bendera siyajibu.